Chachu na Kimeng'enya: Tembo la Ukunda na Historia ya Istilahi Moja

Msafiri atokaye Likoni akielekea Lunga Lunga hufika Ukunda, mahali ambapo barabara ya Diani huchepuka kwenda ufukweni. Siku hizi mji huu hutajwa zaidi kwa sababu ya hoteli za Diani na kiwanja chake cha ndege. Hata hivyo, nyuma ya maduka na nyumba za kupangisha ingali iko minazi inayogemwa, na mgema angali akipanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni na kibuyu mkononi. Makala haya hayakusudii kuzungumzia biashara ya tembo. Yanakusudia kuchunguza jambo litokealo ndani ya kile kibuyu, jinsi jambo hilo lilivyopewa jina na wataalamu wa Ulaya katika karne ya 19, na jinsi Kiswahili kilivyolipa jina lake baadaye. Rai yetu ni kwamba neno kimeng'enya, ambalo wengi wetu hulichukua kuwa ni tafsiri ya enzimu, kwa maana yake ya asili linalingana na istilahi nyingine, iliyoitangulia enzimu kwa zaidi ya miaka 40. Jambo hili si la udadisi wa kamusi tu, kwani lina athari katika kufundisha na hata katika chungu cha muhogo, kama tutakavyoona.

Ndani ya kibuyu

Mgema hukata ncha ya shina la maua ya mnazi lingali changa, akalifunga kibuyu, na kila apandapo huchonga kipande chembamba ili utomvu uendelee kutiririka. Utomvu huo una sukari nyingi, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ni sukrosi, yaani sukari ile ile ya miwa. Ukinywewa pale pale mtini ni tembo tamu. Ukikaa saa chache huanza kutoa povu, na kufika jioni watu husema limekuwa tembo kali. Likiachwa zaidi huwa siki. Hivyo chombo kimoja hupitia hali tatu pasipo mtu kutia kitu chochote.

Anayefanya kazi hiyo ni hamira, viumbe vya seli moja moja vikaavyo hewani, juu ya mti na katika kibuyu chenyewe ambacho hakioshwi kikatakata. Sukrosi ni sukari mbili zilizoshikamana, glukosi na fruktosi. Kwa kawaida hamira huanza kwa kuipasua sukari hiyo nje kidogo ya utando wa seli yake, kwa kutumia kitu kiitwacho invatasi. Nusu mbili zilizopatikana ndizo ziingiazo ndani ya seli, na humo hupitishwa katika hatua zipatazo 12, kila hatua ikiwa na kimeng'enya chake, hadi mwisho wake huwa ni kileo na hewa ya ukaa. Hewa hiyo ndiyo povu. Hamira yenyewe haina haja na kileo. Inachotafuta ni nguvu ya kuishi, na kileo ni taka yake. Baadaye huja bakteria wa namna nyingine, ambao kwa msaada wa hewa hukigeuza kileo kuwa asidi ya siki.

Kiswahili kina msamiati wa kutosha kwa mageuzi haya. Tembo huchacha, unga huumuka, mtu huuumua kwa hamira au kwa chachu. Kitenzi chacha kina eneo pana la maana: chakula kilicholala huchacha, bahari yenye mawimbi huchacha, na vijana wa mjini husema wamechacha wanapoishiwa na fedha. Kiini cha maana zote hizo ni kitu kutoka katika utulivu au uzuri wake kwa nguvu iliyo ndani yake chenyewe. Neno hamira tumelipata kutoka Kiarabu, na shina lake ndilo shina la neno la Kiarabu la mvinyo. Itakumbukwa pia kwamba mafakihi wa Kishafi, madhehebu ya Waislamu walio wengi katika pwani yetu, wakiwamo Wadigo, hutofautisha kileo, ambacho ni haramu, na siki iliyojigeuza yenyewe bila kutiwa kitu, ambayo ni halali. Ni dhahiri kwamba mipaka ya hali za kibuyu ilichorwa kwa makini sana na watu wa sheria kabla ya watu wa maabara.

Jambo la namna hii halikuhitaji mnazi kujulikana Kwale. Wakulima waliopeleka miwa yao katika kiwanda cha sukari cha Ramisi, kabla hakijafungwa mwaka 1988, walijua kuwa muwa uliokatwa haungoji. Seli za muwa zina invatasi zao, na pindi muwa unapotengwa na shina lake huanza kuipasua sukrosi iliyokusudiwa kuwa sukari ya mfuko. Ukichelewa njiani, uzito unaweza kuwa karibu ule ule lakini sukari si ile.

Ugomvi juu ya chachu

Mwaka 1833, huko Paris, wanakemia Anselme Payen na Jean-François Persoz walichukua maji ya kimea cha shayiri, wakayatia spiriti, wakapata unga mweupe. Unga huo, hata ukiwa kidogo sana, uliweza kuugeuza wanga mwingi kuwa sukari. Waliuita diastasi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutenganisha, kwa kuwa waliona unatenganisha kilichomo ndani ya chembe za wanga na ganda lake. Katika mwaka 1836 Theodor Schwann alitoa pepsini katika tumbo la mnyama. Wakati huo huo Berzelius wa Sweden alikuwa ameanza kuzungumzia vitu viharakishavyo mageuzi bila vyenyewe kupungua, dhana ambayo sisi tunaiita kichocheo, kwa mfano wa mtu achocheaye moto.

Kufikia hapo jambo lilionekana rahisi, lakini mvinyo ulileta matata. Louis Pasteur, aliyechunguza uchachu kuanzia mwaka 1857, alishikilia kwamba kuchacha ni tendo la uhai: pasipo hamira iliyo hai, hakuna kileo. Justus von Liebig wa Ujerumani alikataa, akisema ni tendo la kemia tu, la kitu kinachooza na kuambukiza mtikisiko wake kwa sukari. Mwaka 1860 Marcellin Berthelot alitoa katika hamira kitu kilichopasua sukrosi bila ya seli hai, na hicho ndicho invatasi. Pasteur hakuyumba, kwa sababu kupasua sukari si kutengeneza kileo. Basi pakawa na mafungu mawili ya fermenti, zile zenye uhai na zile zisizokuwa nao, na neno moja likibeba yote mawili.

Hapo ndipo alipoingia Wilhelm Kühne wa Heidelberg. Katika miaka ya 1876 na 1877 alipendekeza neno enzimu kwa zile zisizo na uhai ili kuondoa utata. Alilitunga kutokana na Kiyunani, kwa maana ya kilichomo ndani ya chachu. Hakudai kwamba enzimu ni chachu, bali alikusudia kile kitu kilichomo ndani yake. Jina lake ni jina la mahali. Halisemi kitu hicho hufanya nini. Husema tu hupatikana wapi.

Mwaka 1897 Eduard Buchner, aliyekuwa Tübingen, alisaga hamira pamoja na mchanga, akakamua maji yake, kisha akayatia sukari nyingi ili yasiharibike, kama wafanyavyo watengenezao jemu. Maji hayo yakaanza kutoa mapovu. Hapakuwa na seli hai hata moja, na kileo kilipatikana. Buchner alikiita alichokipata zimasi, ambacho leo tunajua kuwa si kitu kimoja bali ni kundi zima la vimeng'enya vya zile hatua tulizozitaja, na mwaka 1907 alipewa tuzo ya Nobel ya kemia. Pasteur alikuwa amekwisha kufa mwaka 1895. Kwa maoni yetu si haki kusema kwamba alishindwa. Vimeng'enya hutengenezwa na seli hai tu, na katika hilo alikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba haviwezi kufanya kazi nje ya nyumba yao.

Kwa muda mrefu baada ya hapo lugha za Ulaya hazikukubaliana juu ya jina. Wajerumani wengi waliendelea kusema fermenti, na Wafaransa waliendelea kutumia diastasi kwa vimeng'enya vyote. Kiishio cha neno hilo la Payen na Persoz ndicho kilichochukuliwa na Émile Duclaux, mwishoni mwa karne, kiwe alama ya kila kimeng'enya kipya. Kwa hiyo kila tusemapo invatasi au linamarasi tunatamka kipande cha lile jina la kale lenye maana ya kutenganisha.

Neno lingojalo yambwa

Tugeukie sasa Kiswahili. Kitenzi meng'enya kina maana ya kuvunja kitu vipande vidogo vidogo, na kwacho tumepata mmeng'enyo wa chakula. Tanzania ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967, sayansi ilihitaji majina, na kazi ya kuyatafuta na kuyasanifisha iliangukia Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka huo huo, pamoja na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kimeng'enya ni miongoni mwa maneno yaliyokubalika. Kenya, ambako sayansi imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza, mwanafunzi wa Ukunda husikia enzaimu darasani, na huenda asikutane na kimeng'enya mpaka asome maandishi ya Tanzania.

Ukilitazama neno hili kwa maana yake utaona kuwa halina uhusiano wowote na Kühne. Halitaji chachu wala mahali. Linataja tendo, nalo ni tendo la kutenganisha. Kwa maneno mengine, pasipo kukusudia, waundaji wake walirudi mwaka 1833 wakatafsiri diastasi. Kama wangalimfuata Kühne, leo labda tungekuwa na neno lililojengwa juu ya chachu, na somo lingalianza na kibuyu cha tembo badala ya kuanza na tumbo.

Umbo la neno hili nalo linastahili kuangaliwa. Kwa kawaida nomino ya mtenda au kitenda itokanayo na kitenzi huishia kwa i au ji, na ya kifaa huishia kwa o: mgema ni mojawapo ya zile chache zinazobaki na a peke yake, lakini tunasema mwandishi, mlinzi, kichocheo, kifuniko. Kiishio a hupatikana zaidi pale ambapo kitenzi kimeandamana na yambwa yake: kizimamoto, kinasasauti, kifunguakinywa. Mkulima wa Kwale anayo mbegu ya muhogo iitwayo kibandameno, nayo imeundwa kwa kanuni hiyo hiyo, kitenzi kikifuatwa na meno. Kwa hiyo sikio la Mswahili lisikiapo kimeng'enya huachwa likingoja. Kimeng'enya nini?

Watu wengine wamelihesabu jambo hili kuwa ni dosari, na wamependelea kimeng'enyo. Mimi naliona kuwa ni bahati njema. Mwaka 1894 Emil Fischer, akichunguza jinsi vitu vya hamira vinavyochagua sukari, alisema kwamba kimeng'enya na kile kinachokishughulikia hupatana kama kufuli na ufunguo wake. Invatasi hupasua sukrosi lakini haigusi wanga. Kimeng'enya cha mate hupasua wanga lakini hakina la kufanya na nyama. Hapana kimeng'enya kisicho na yambwa yake. Sarufi ya neno letu inauliza swali ambalo mwanakemia pia analazimika kuliuliza kwanza. Tungeweza basi kusema kimeng'enya-wanga, kimeng'enya-sukari, kimeng'enya-protini, na kila moja lingekuwa Kiswahili safi. Baada ya mwaka 1958 Daniel Koshland aliturekebishia mfano wa Fischer kwa kuonyesha kuwa kufuli lenyewe hujikunja kidogo liupokeapo ufunguo, lakini uteuzi haukuondoka.

Ama juu ya namna kimeng'enya kinavyofanya kazi, mfano ulio bora kwa msomaji wa Pwani ya Kusini ni kivuko cha Likoni. Watu walio ng'ambo hii wataka kufika Mombasa. Bila feri wanaweza kufika, kwa kuzunguka, na hata sasa barabara ya Dongo Kundu ikiwa imejengwa mzunguko ungali mrefu. Feri haiongezi watu wala haizibadili kingo mbili. Hufupisha njia tu, na baada ya kushusha hurudi ilivyokuwa, tayari kupakia tena. Tena huvusha pande zote mbili. Sukrosi iliyoachwa katika maji matupu, katika joto la kawaida, inakadiriwa kuchukua mamia ya miaka kabla nusu yake haijapasuka. Mbele ya invatasi ni jambo la dakika au saa. Na kama ijulikanavyo na kila aliyewahi kusimama Likoni saa za asubuhi, watu wakizidi mno kivukoni feri haiendi mbio zaidi. Hujaa, na foleni hurefuka. Leonor Michaelis na Maud Menten waliliweka jambo hilo katika hesabu mwaka 1913 huko Berlin, na kimeng'enya walichokitumia ni invatasi, ile ile ya kibuyuni. Mfano huu una upungufu mmoja: feri huchukua yeyote alipaye au asiyelipa, ilhali kimeng'enya huchagua abiria.

Hadi mwaka 1926 haikujulikana kwa hakika vimeng'enya ni vitu vya namna gani. Mwaka huo James Sumner wa Marekani alipata fuwele za kimeng'enya kimoja kutoka katika maharagwe, akaonyesha kuwa ni protini, na wengi hawakumsadiki kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana moto huviharibu, kama uigeuzavyo yai.

Papai na muhogo

Yako mahali ambapo kimeng'enya kinakaa vizuri kabisa katika jina lake. Mpishi wa mishkaki apakaye nyama papai bichi huitia papaini, kimeng'enya kilichopewa jina hilo na Adolphe Wurtz mwaka 1879, nacho huzivunja protini za nyama hasa kwa kuzimeng'enya. Nyama iliyosahauliwa humo usiku kucha huwa kama uji, kwa sababu papaini haipungui kwa kufanya kazi.

Lakini si vyote vivunjavyo. Katika seli zetu viko vimeng'enya vinavyounga, vinavyonakili chembe za urithi, vinavyojenga wanga katika jani. Kuviita vimeng'enya ni kumwita fundi mwashi mbomoaji. Wajerumani na Wafaransa nao wamebeba mzigo huu katika kile kiishio cha diastasi, lakini kwao maana imekwisha kufifia, hapana asikiaye tena Kiyunani. Kwetu kitenzi kingali hai, na mwanafunzi hukisikia. Hufundishwa kimeng'enya pamoja na mate na tumbo, akatoka darasani akiamini kuwa ni kitu cha chakula kilichokwisha kuliwa.

Madhara ya imani hiyo yanaonekana katika muhogo mchungu. Seli ya muhogo ina linamarini, sukari iliyofungamana na sumu ya sianidi, nayo imehifadhiwa katika kiputo cha ndani ya seli. Katika ukuta wa seli kuna kimeng'enya, linamarasi. Vikiwa vimetengwa, muhogo umekaa salama. Panya akiuguguna au mtu akiutwanga, kuta huvunjika, viwili hivyo hukutana, na sianidi hutoka. Huo ndio ulinzi wa mmea. Wazee waliougeuza ulinzi huo kuwa njia ya kuusafisha muhogo, kwa kuuroweka, kuuvundika, kuutwanga na kuuanika polepole, walikuwa wakimpa linamarasi muda wa kuimaliza kazi, na sumu ikapotea hewani. Anayeutumbukiza mzima katika maji yanayochemka hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya lolote, na sehemu kubwa ya linamarini hubaki. Jambo hili humshangaza mtu, maana tumezoea kwamba moto husafisha. Na sianidi yenyewe hudhuru kwa kukizuia kimeng'enya kingine, kile kinachoiwezesha kila seli ya mwili wetu kuitumia hewa tuivutayo.

Mwaka 1981, katika ukame, watu wa Nampula kaskazini mwa Msumbiji walikula muhogo mchungu bila kuwa na nafasi ya kuungoja. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu, na hawakupona. Ugonjwa huo uliandikwa mara ya kwanza na Giovanni Trolli mwaka 1938 huko Kwango, Kongo, na jina lake la kitaalamu, konzo, limetoka katika Kiyaka, lugha ya watu wa huko. Katika miaka ya 1980 ulionekana pia Tarime, Tanzania, nchi ambayo watoto wake walikuwa tayari wakisoma sayansi kwa Kiswahili.

Hatupendekezi neno kimeng'enya litupwe. Limekwisha kuota mizizi, na umbo lake, kama tulivyoonyesha, lina faida. Tunachokiomba ni kwamba watunga kamusi waache kulifasili kwa kuanzia tumboni. Fasili na ianze na seli hai, yoyote iwayo, itaje kuharakisha kabla ya kuvunja, iseme kwamba kila kimoja kina yambwa yake, na imkumbushe msomaji neno chachu, ambalo Kühne alilijengea jina lake. Ama mfano wa matumizi, ambao kwa kawaida huwa ni mate, ningependa uwe muhogo.